Lester Patrick: beki aliyefunikwa na usiku mmoja wa golini

Kila Lester Patrick anapotajwa, masimulizi hukimbilia usiku wa tarehe 7 Aprili 1928 mjini Montreal. Kocha wa timu ya hoki ya barafu ya New York Rangers, mtu wa miaka 44 mwenye mvi tele, alivaa vifaa vya kipa wake aliyeumia, akaingia golini kwenye fainali ya Kombe la Stanley, kombe kuu la mchezo huo, na timu yake ikashinda 2–1 katika muda wa nyongeza. Kisa ni kitamu na ni cha kweli. Lakini kimemponza. Huyu ni mtu aliyebadili kazi ya beki, akajenga viwanja, akashiriki kutunga sheria ambazo hoki ya barafu inazitumia mpaka leo, kisha akaifundisha Rangers kwa misimu 13. Watu wanamkumbuka kwa dakika 40 na ushee za kazi ambayo haikuwa yake.

Hata usiku wenyewe, ukiuchambua vizuri, utaona kipa hakuwa ndiye kiini. Lorne Chabot alipigwa jichoni na shuti la Nels Stewart wa Montreal Maroons mapema katika kipindi cha pili, timu zikiwa bado hazijafungana. Klabu za wakati ule hazikuwa na kipa wa akiba. Sharti la kuwa na makipa wawili waliovaa tayari lilikuja katikati ya miaka ya 1960. Dawa ya kawaida ilikuwa kumwazima kipa yeyote aliyekuwapo ukumbini, mradi mpinzani aridhie. Alec Connell, kipa mahiri wa Ottawa, alikuwa ameketi jukwaani akitazama. Kocha wa Maroons, Eddie Gerard, akakataa asitumike. Akakataa pia kipa mwingine wa ligi ndogo aliyependekezwa. Gerard naye alikuwa beki mstaafu, na kinachokera ni kwamba mwaka 1922 yeye mwenyewe alicheza mechi ya fainali akiwa ameazimwa na Toronto kutoka Ottawa, kwa ridhaa ya wapinzani wao Vancouver. Kikanuni alikuwa na haki ya kukataa. Kiungwana, hilo ni jambo jingine.

Patrick hakuwa mgeni kabisa wa lango. Enzi hizo kipa aliyeadhibiwa na mwamuzi alikwenda mwenyewe kukaa kwenye benchi la adhabu, na mchezaji wa ndani, mara nyingi beki, akashika nafasi yake hadi dakika ziishe. Beki mkongwe alijua angalau namna ya kusimama: kifua kuelekea paki (kisahani kinachochezewa badala ya mpira), gongo chini, magoti yamekunjwa, macho yasihame. Ila kazi kubwa ilifanyika mbele yake. Ching Johnson na Taffy Abel, mabeki wawili wa miraba minne (Abel alipita kilo 100), waliwasukuma Maroons pembeni, huku washambuliaji wa Rangers wakirudi katikati ya uwanja kuvuruga pasi kabla shambulizi halijapata kasi. Inahesabiwa kwamba mashuti 19 yalifika langoni, naye akaokoa 18. Mashuti 19 katika zaidi ya nusu ya mchezo, dhidi ya timu iliyojua wazi kwamba langoni yupo mzee asiye kipa, ni machache mno. Bill Cook aliifungia Rangers mwanzoni mwa kipindi cha tatu, Stewart akasawazisha, na Frank Boucher akamaliza ubishi dakika ya 8 ya nyongeza. Baadaye ruhusa ya kumtumia Joe Miller, kipa wa New York Americans, ikapatikana, na Rangers wakatwaa kombe kwa mechi 3 dhidi ya 2. Zote zilichezwa Montreal, kwa sababu ukumbi wao wa Madison Square Garden ulikuwa umekodishwa kwa sarakasi.

Kwa hiyo kama kuna sifa ya kutolewa kwa usiku ule, iende kwa ulinzi. Na ulinzi ndiyo somo alilolijua Patrick tangu ujana.

Hoki ya mwaka 1904 haikuwa hii tunayoiona kwenye televisheni. Timu ilikuwa na watu saba: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu, na wa saba aliyeitwa rova, mtu huru wa kuzurura kote. Mabeki hawakusimama sambamba. Mmoja, pointi, alikaa karibu na kipa. Mwenzake, kavapointi, alisimama mbele ya huyo, kwenye mstari mmoja. Kazi yao ilikuwa kunyang'anya paki, kile kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5, kisha kuibetua juu iruke hadi upande wa pili. Ilikuwa njia salama yenye hasara kubwa, maana mara nyingi paki iliangukia kwa mpinzani, naye akaanza upya. Pasi ya mbele nayo ilikatazwa. Kama ilivyo kwenye raga, ungeweza kutoa pembeni au nyuma tu. Hivyo aliyeweza kuisogeza paki mbele kwa uhakika ni yule anayekimbia nayo.

Patrick, mzaliwa wa Drummondville, Quebec, Desemba 1883, alipelekwa kavapointi na klabu ya Brandon, Manitoba, msimu wa 1903–04. Badala ya kubetua, akawa anakimbia nayo. Leo jambo hilo halimshangazi mtu, lakini tazama hesabu yake. Chini ya sheria ya kuotea ya wakati ule, mchezaji aliyekuwa mbele ya paki hakuruhusiwa kuicheza. Mshambuliaji akikimbia na paki, wenzake walipaswa kuwa sambamba naye au nyuma. Beki akipanda kutoka nyuma, washambuliaji wake walioshuka kusaidia ulinzi wanageuka pamoja naye, wote wakiwa halali, na upande wa pili unakabiliwa na mtu mmoja zaidi ya waliowazoea. Hatari yake iko wazi pia. Paki ikipotea katikati, nyuma wamebaki pointi na kipa peke yao, na mpinzani anakuja kwa kasi. Ndiyo maana mbinu hiyo inahitaji rova mwenye nidhamu ya kushuka haraka kuziba pengo. Timu zilizoiga mbio bila kuiga kuziba zilifungwa mabao ya kizembe.

Brandon walikwenda Ottawa mwaka 1904 kugombea Kombe la Stanley, wakapoteza mechi zote mbili. Wazo lilikuwa zuri, timu ilikuwa dhaifu. Miaka miwili baadaye, akiwa na Montreal Wanderers, Patrick aliwapata Ottawa tena. Wanderers walishinda mechi ya kwanza 9–1. Ya pili Ottawa wakafunga mfululizo hadi 9–1 upande wao, jumla ikawa 10–10. Mabao mawili ya mwisho yalifungwa na Patrick. Kombe likahama kwa jumla ya 12–10. Mwaka 1907 akalitwaa tena na klabu hiyo hiyo, kisha akaifuata familia yake magharibi, Nelson, British Columbia, kwenye biashara ya mbao ya baba yake.

Kipande kinachofuata wengi hukipita haraka, nami nadhani ndicho kilichomtengeneza kocha. Msimu wa 1909–10, klabu ya Renfrew, mji mdogo wa Ontario, ilimlipa dola 3,000 kwa mechi 12. Mdogo wake Frank alipata 2,000, na nyota Cyclone Taylor 5,250. Tajiri wa migodi ndiye aliyekuwa akifungua pochi. Renfrew hawakupata kombe, na msimu uliofuata NHA, ligi kubwa ya mashariki mwa Kanada wakati ule, ikaweka ukomo wa dola 5,000 kwa mishahara ya klabu nzima. Fikiria: klabu nzima ilipwe pungufu ya alichopata mtu mmoja mwaka uliotangulia. Ndugu wawili wa Patrick walikuwa wameona kwa macho yao kwamba fedha za hoki zipo, na kwamba anayezigawa ni mwenye uwanja.

Familia ilipouza biashara ya mbao mwaka 1911, fedha zikaingia kwenye barafu. Pwani ya British Columbia haina baridi ya kutegemewa kugandisha maji msimu mzima, kwa hiyo walijenga viwanja viwili vya barafu ya kutengenezwa, vya kwanza vya aina hiyo nchini Kanada: kimoja Victoria chenye nafasi ya watu kama 4,000, kingine Vancouver cha zaidi ya 10,000. Gharama ilipita dola 300,000. Mtambo wake unaeleweka kirahisi. Mabomba yanalazwa sakafuni. Ndani yake yanazungushwa maji ya chumvi yaliyopozwa na kompresa za amonia, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi hubaki majimaji hata chini ya nyuzi sifuri. Juu ya sakafu hiyo maji ya kawaida hunyunyizwa tabaka kwa tabaka hadi barafu ifikie sentimita tatu hivi. Ukimwaga maji mengi kwa mkupuo, hewa inanasa ndani na barafu inamegeka. Ukiacha tabaka liwe nene kupita kiasi, baridi ya mabomba haifiki juu ipasavyo, uso unalainika na paki inakwama. Ukumbi ukijaa watu kwenye mji wa pwani, unyevunyevu wao hugeuka ukungu juu ya barafu, na mashine ya Zamboni ya kusawazisha haikuwapo hadi 1949; kazi ilikuwa ya mikono na zana za kuparua. Kanuni hiyo hiyo ya kupoza sakafu ndiyo inayowawezesha vijana wa Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, kucheza Nairobi, kwenye uwanja mdogo ndani ya Hoteli ya Panari, umbali mfupi kutoka ikweta.

Kwa kocha, barafu ya mtambo ina maana zaidi ya starehe. Ratiba haitegemei tena hali ya hewa, mazoezi yanapangika, na uso ukiwa sawa kila siku, pasi fupi inakuwa silaha ya kuaminika. Kwenye barafu ya asili inayoyeyuka mwezi Machi, kubetua mbali kulikuwa na mantiki.

Ligi yao ya pwani ya Pasifiki, PCHA, ilianza Januari 1912 ikiwa na timu tatu: Victoria, Vancouver na New Westminster, hao wa mwisho wakiwa hawana uwanja wao. Wachezaji wengi walivutwa kutoka NHA kwa mishahara minono, kazi ambayo kijana wa Renfrew aliijua vizuri. Sheria zikafuata, na kila moja ilikuwa na tiketi nyuma yake. Filimbi za kuotea zilikuwa zikikatiza mchezo kiasi cha kuchosha watazamaji, basi mistari miwili ya buluu ikachorwa kuugawa uwanja sehemu tatu, na pasi ya mbele ikaruhusiwa katika sehemu ya kati. NHL, ligi iliyoirithi NHA huko mashariki, iliichukua sheria hiyo mwaka 1918. Kipa aliruhusiwa kuanguka kuzuia paki, jambo lililokuwa kosa mashariki. Aliyetoa pasi ya bao akaanza kuandikiwa sifa yake. Mwaka 1918 ukaja mchujo wa mwisho wa msimu kati ya wa kwanza na wa pili, ili mji wa timu ya pili usikae bure mwishoni mwa msimu. Penalti ya mtu mmoja dhidi ya kipa ilianza msimu wa 1921–22. NHL iliingojea hadi 1934.

Haki isemwe: Frank ndiye aliyekuwa chemchemi ya mengi kati ya hayo, na Lester aliyapima uwanjani kama beki, kocha na mwenye klabu. Wala hawakuwa wanamapinduzi kwa kila kitu. NHA ilimwondoa mtu wa saba msimu wa 1911–12. Ndugu hao waling'ang'ania rova wao hadi 1922, na kwa miaka kadhaa fainali za Kombe la Stanley zilichezwa mechi moja kwa sheria za mashariki, nyingine kwa za magharibi. Sura ya kimiliki ndiyo mbaya zaidi. Ligi ilikuwa mali ya familia, nayo ndiyo iliyoshika mikataba, hivyo mchezaji aliweza kuhamishwa kutoka mji mmoja hadi mwingine ili kusawazisha ushindani na mapato. Mtu aliyefaidi soko huria akiwa mchezaji alilifunga alipokuwa tajiri. Mashabiki wa Patrick huliruka hili; mimi naona bila hilo huwezi kueleza kwa nini alikuwa kocha mwenye mamlaka ambayo wenzake hawakuwa nayo.

Matunda ya ukocha wake yalionekana wazi Machi 1925, kwenye fainali ya Kombe la Stanley. Mwaka uliotangulia klabu ya Seattle Metropolitans ilikuwa imekufa, na Victoria Cougars ya Patrick ikawachukua kipa Hap Holmes na washambuliaji Frank Foyston na Jack Walker, juu ya Frank Fredrickson aliyekuwapo tayari. Ghafla alikuwa na benchi linalokaribiana na kikosi cha kwanza. Wakati huo nyota wa timu alitarajiwa kucheza karibu dakika zote 60. Mwili haukubali hivyo: mbio za kasi kwenye viatu vya kuteleza huchosha mapaja ndani ya dakika moja au mbili, na baada ya hapo mchezaji hupunguza kasi bila kujijua ili ajihifadhi. Patrick akawa anabadilisha washambuliaji kwa mafungu, mchezo ukiendelea, kabla hawajachoka. Montreal Canadiens, wenye Howie Morenz, Aurel Joliat na Georges Vézina golini, walikutana na miguu mipya kila mara. Victoria walishinda 5–2, 3–1, wakapoteza 2–4, kisha 6–1.

Mabadiliko ya namna hiyo yana sumu yake. Anayetoka akichelewa hata sekunde chache, aidha kuna mtu mmoja zaidi barafuni na adhabu inafuata, au upande mmoja umebaki wazi. Ukibadilisha paki ikiwa upande wako wa ulinzi, umejifunga mwenyewe. Kanuni inayofundishwa leo ni hii: paki ivuke kwanza mstari wa katikati, iingizwe ndani kwa mpinzani, ndipo utoke. Pamoja na mafungu hayo kulikuwa na Walker, fundi wa kulaza gongo lote barafuni na kuichomoa paki kwa ndoano kutoka nyuma au ubavuni mwa mpinzani. Mbinu hiyo humchosha anayeifanya, kwa hiyo ilihitaji mapumziko ya benchi. Vitu viwili hivyo vilibebana.

Tangu hapo hakuna timu ya nje ya NHL iliyotwaa kombe hilo. Mji wa Victoria, wenye watu makumi machache ya maelfu, haukuweza kulipa mishahara iliyokuwa ikipandishwa na Boston na New York, na mwaka 1926 ndugu wa Patrick waliongoza uuzaji wa wachezaji wa magharibi kwa NHL. Wengi wa Cougars walikwenda Detroit kwa dola 100,000. Walikuwa wameuza mifugo na zizi kwa pamoja, kabla bei haijaanguka.

Lester akaenda New York. Hapa pia tuwe wakweli: kikosi cha kwanza cha Rangers kilikusanywa na Conn Smythe, aliyefukuzwa kabla ya msimu kuanza. Bill Cook, mdogo wake Bun, Boucher, Johnson, Abel na Chabot walikuwa wameshasainiwa. Patrick alichofanya ni kutowaharibu, na si kazi ndogo. Aliwaacha Cook wawili na Boucher pamoja kwa miaka kumi, watatu waliokua wakipasiana kwa sheria za pasi ya mbele alizozijaribu yeye na Frank. NHL iliporuhusu pasi ya mbele katika sehemu zote msimu wa 1929–30, mabao ya ligi yalikaribia kuongezeka mara mbili, na washambuliaji wakaanza kuisubiri paki mbele ya lango la mpinzani, hadi Desemba 1929 ligi ikalazimika kuweka sharti kwamba paki itangulie kuvuka mstari wa buluu. Rangers hawakuhitaji kujifunza upya. Kombe la pili lilikuja mwaka 1933.

Lakini kazi yake bora New York naiona nje ya mstari wa benchi. Magharibi iliyokuwa ikizalisha wachezaji wa kununua ilikuwa imekufa, na yeye ndiye aliyeizika. Basi akajenga chanzo chake: klabu ya Springfield kuanzia 1926 kama shamba la kulea, baadaye majaribio ya vijana Winnipeg. Humo walipita ndugu Neil na Mac Colville, Alex Shibicky, Babe Pratt. Wanawe wawili waliingia pia, Lynn na Muzz, na minong'ono ya upendeleo haikukosekana. Lynn aliijibu kwa kuongoza ligi kwa mabao 32 msimu wa 1941–42. Mwaka 1939 Patrick alimwachia Boucher benchi akabaki meneja, na msimu wa kwanza tu wa Boucher, 1940, Rangers wakatwaa kombe la tatu wakiwa na wachezaji waliolelewa ndani.

Angeondoka hapo, hesabu yake ingekuwa safi. Alibaki. Vita vilipowachukua wachezaji, shamba likakauka, na msimu wa 1943–44 Rangers walishinda mechi 6 kati ya 50. Boucher, miaka 42, ilibidi avae tena viatu. Mwaka huo huo Canadiens, ambao wachezaji wao kadhaa walikuwa na kazi katika viwanda vya vita na hivyo kubaki nyumbani, walipoteza mechi 5 tu. Kusema vita viliwaumiza wote sawa ni kumtetea meneja kuliko inavyostahili. Mfumo wa kulea vijana huathirika kuliko wote pale vijana wanapokwenda jeshini, na Patrick hakuwa na mpango wa pili. Aliachia kiti cha umeneja mwaka 1946, akarudi Victoria, na kuanzia 1949 akaendesha huko timu nyingine ya Cougars katika ligi ndogo ya pwani, kwenye uwanja mpya wa barafu ya mtambo. Ule alioujenga 1911 ulikuwa umeungua miaka 20 kabla.